Usifuate Safari, Fuata Ndege: Nimeionja Flightradar24 na Sishikiki

Naanza na hukumu, maana nikiingoja ifike mwisho nitapasuka: pakua Flightradar24. Leo! Kama una simu janja na una mtu wako anayepanda ndege, au wewe mwenyewe umewahi kuganda kwenye viti vya uwanja wa ndege ukitazama ubao unaoshikilia kwamba safari iko kwa wakati ilhali dirishani hakuna hata ndege moja, programu hii ni yako. Toleo la bure linatosha kuanzia. Ukiniacha katikati ya makala haya ukaenda kuipakua, sitakasirika. Rudi tu, kwa sababu utamu wenyewe umejificha, na nataka nikuonyeshe ulipo.

Wengi tunaijua kwa sifa za juujuu: ramani ya dunia iliyojaa vindege vya njano vinavyotambaa. Waswidi wawili, Mikael Robertsson na Olov Lindberg, waliianzisha mwaka 2006 kwa mapenzi ya ndege tu. Mwaka 2009 wakafungua mlango ili yeyote mwenye kipokezi cha ishara za ndege, popote alipo duniani, achangie data. Mwaka uliofuata volkano ya Eyjafjallajökull kule Iceland ikatapika majivu, anga la Ulaya likafungwa, na watu wakakimbilia kwenye ramani hiyo kushuhudia anga tupu. Kisha tarehe 2 Agosti 2022 Nancy Pelosi, Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani wakati huo, akaenda Taipei. Ndege yake ilipogusa ardhi, watu 708,000 walikuwa wameikodolea macho kwenye ramani hiyo kwa wakati mmoja, na jumla ya walioifuata japo kipande cha safari ikafika milioni 2.92. Kwa ndege moja!

Hayo ya magazeti tuwaachie magazeti. Kilichonipagawisha mimi ni jambo dogo linalomhusu abiria wa kawaida wa Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe: programu hii inaweza kukuonyesha kwamba ndege yako itachelewa kabla uwanja haujatangaza, na mara nyingine kabla hujafunga begi.

Gusa kindege uone

Fungua ramani, isogeze hadi pwani yetu, gusa kindege chochote. Aisee! Inakuja picha ya ndege ile ile, si ya mfano, iliyopigwa na mpenzi wa ndege aliyesimama pembeni ya uwanja fulani. Chini yake kuna aina ya ndege, ilikotoka, inakokwenda, iko juu kiasi gani, inakwenda kwa kasi gani. Kisha vinakuja vile vipengele vinne ambavyo sasa ndivyo ninavyovitazama kwanza: saa iliyopangiwa kuondoka, saa iliyoondoka kweli, saa iliyopangiwa kufika, na saa inayokadiriwa kufika. Tofauti kati ya vile viwili vya kwanza ndiyo habari yako ya mjini.

Ukigusa uwanja badala ya ndege, unapata orodha nzima ya zinazofika na zinazoondoka, kila moja na hali yake: imetua, inakadiriwa, imechelewa, imefutwa, imeelekezwa uwanja mwingine. Ni ule ubao wa ukutani, ila huu unao mfukoni, nao unakuonyesha na ushahidi wake.

Halafu kuna mchezo ambao watoto wa mtaani kwetu wameshauzoea kiasi cha kunigongea mlango. Unatoka nje, unaelekeza kamera ya simu angani kwenye ndege inayopita juu ya Vingunguti ikiwahi kutua uwanja wa ndege wa Kipawa, Dar es Salaam, na kwenye kioo jina la safari linatokea likielea pembeni ya ndege yenyewe pamoja na mji ilikotoka. "Hiyo ya wapi?" "Istanbul!" "Na ile?" "Mwanza!" Mnaweza kumaliza alasiri nzima hivyo, na chaji ya simu pia.

Siri yenyewe

Sasa nisogelee. Hapa ndipo penye thamani yote ya kitu hiki, na ndipo watu wengi hawafiki.

Tukiwa na tiketi, tunafuatilia namba ya safari: zile herufi mbili za shirika na tarakimu zake. Namba hiyo ni mstari kwenye ratiba. Haina injini, haina matairi, haiwezi kukwama popote. Ratiba itasema "kwa wakati" hadi mtu aamue kuibadilisha. Kinachokubeba ni chombo, na kila chombo kina usajili wake ulioandikwa ubavuni karibu na mkia. Wa Tanzania unaanza na 5H, wa Kenya 5Y, wa Uganda 5X, wa Rwanda 9XR, wa Burundi 9U, wa Oman A4O, wa Falme za Kiarabu A6, wa Qatar A7. Chombo ndicho kinachochelewa. Kwa hiyo usifuate safari, fuata ndege!

Namna yake ni hii. Andika namba ya safari yako kwenye kisanduku cha kutafutia. Shirika likishapanga ndege, utaona usajili wake. Uguse huo usajili. Inafunguka orodha ya kila kitu ambacho chombo hicho kimefanya: asubuhi kiliondoka wapi, kikatua saa ngapi, sasa kiko wapi, na kinatakiwa kwenda wapi baada ya hapo. Na miongoni mwa hizo safari zinazokuja, imo yako.

Tuseme unakwenda Mbeya alasiri. Ndege uliyopangiwa imeanzia Dar, imekwenda Dodoma, imerudi Dar, imekwenda Mwanza, irudi tena Dar ndipo ikuchukue wewe. Ubao wa uwanja unasema kila kitu shwari. Wewe unafungua simu, unakuta chombo bado kiko chini Mwanza na muda wake wa kuondoka ulishapita. Kutoka Mwanza hadi Dar kwa ndege ya jeti ni kama saa moja na nusu. Ikishatua, abiria washuke, mizigo ishushwe, usafi ufanyike, mafuta yaingizwe, ninyi mpande. Weka dakika 40 kama watu wanakimbia. Jumlisha mwenyewe. Hesabu ya darasa la tatu imekupa taarifa ambayo spika za uwanja hazijaitoa.

Ni sawa na daladala ya Mbagala–Kariakoo: gari ni lile lile linalokwenda na kurudi, na likikwama kwenye foleni ya Mbagala, hata kondakta wa Kariakoo apige debe vipi, aliye kituoni haondoki. Tofauti ni kwamba sasa unaliona lilipokwama.

Wala si hisia zangu. Marekani, ambako mashirika ya ndege yamekuwa yakiripoti sababu za kuchelewa kwa serikali tangu mwaka 2003, ndege huhesabiwa imechelewa ikipitisha dakika 15, na sababu hugawanywa katika mafungu matano: shirika lenyewe, hali mbaya mno ya hewa, mfumo wa kuongoza ndege angani, masuala ya usalama, na ndege iliyochelewa kufika kutoka safari iliyotangulia. Hilo la mwisho ni miongoni mwa mafungu makubwa mwaka baada ya mwaka. Yaani kuchelewa kwako kwa jioni mara nyingi kulizaliwa asubuhi, kwenye mji ambao wewe huna hata shughuli nao.

Kusoma dalili

Ukishaanza kufuata chombo, utajifunza kuzisoma dalili haraka kuliko unavyodhani.

Dalili ya kwanza nimeshakupa: ndege inayokuja haijaondoka ilikokuwa. Hiyo ndiyo ya kila siku.

Ya pili ni nzuri kuitazama, mradi wewe humo ndani yake. Kindege kinafika karibu na uwanja, badala ya kushuka kinaanza kuchora duara refu, mara moja, mara mbili, mara tatu, katika sehemu ile ile. Hapo waongozaji ndege wamekiambia kisubiri. Pengine kuna msongamano, pengine mvua kubwa imekaa juu ya njia ya kurukia, pengine ukungu. Nairobi ina asubuhi zake za ukungu ambazo ndege za masafa marefu hufika uwanja wa JKIA zikakuta hakuonekani, na nyingine huishia kupelekwa Mombasa. Ukimpokea mtu asubuhi ya namna hiyo, ule mduara kwenye ramani unakutosha kumpigia simu dereva umwambie asiondoke kwanza.

Ya tatu: njia imepinda. Ndege ilikuwa inakuja kwenu, sasa pua imegeukia kwingine. Imeelekezwa uwanja mwingine, au inarudi ilikotoka. Usipige kelele ukumbini. Ndugu za abiria wengine wana mioyo. Tazama kwanza inakoelekea, kisha ulizia dawati la shirika kwa upole.

Ya nne ndiyo ya kijasusi zaidi. Chombo ulichopangiwa kimelala chini tangu jana, hakijaruka hata mara moja, na safari zake za leo zimechukuliwa na chombo kingine. Huenda kiko kwa mafundi. Hiyo ina maana shirika lina ndege moja pungufu na linabanana. Mashirika makubwa yana ndege za kuziba pengo. Yenye ndege chache hayana pa kukimbilia, na hapo ndipo kuchelewa kunapogeuka kufutwa. Kumbuka ile miaka ya 2022 na 2023, injini za Pratt & Whitney za ndege aina ya Airbus A220 ziliposumbua dunia nzima na Air Tanzania nayo ikalazimika kuziegesha ndege zake za aina hiyo. Ndege tatu zikilala kwenye shirika lenye mamia, abiria wengi hawajui. Zikilala kwenye shirika lenye ndege zisizozidi ishirini, ratiba nzima inatikisika.

Kuna na dalili ya tano ambayo ramani haikuonyeshi lakini unaweza kuikisia: saa za marubani. Sheria za anga zinawawekea kikomo cha saa za kazi. Ndege ikichelewa sana usiku, inaweza kufika salama, ikawa nzima, mafuta tele, ila hakuna wa kuirusha hadi wapumzike. Ukiona kuchelewa kunasogea kwa saa nyingi jioni, anza kufikiria malazi.

Jioni moja kwenye ukumbi wa kupokelea

Juzi nilikwenda kumpokea shangazi anayeishi Ghuba. Shirika sitalitaja. Tangu mchana nilikuwa nimeshaona kwamba ndege yake imeondoka ikiwa imechelewa mno, kwa hiyo nikakaa nyumbani, nikanywa chai, nikatoka kwa wakati wangu. Nafika Jengo la Tatu la Kipawa, nakuta familia za watu zimeketi tangu jua kali, watoto wamelala juu ya mapaja, ubao umesogeza muda kwa vipande vipande, nusu saa, nusu saa tena.

Nikafungua simu. Mama mmoja pembeni yangu akachungulia.

"Mwanangu, hiyo ndiyo ndege yenyewe?"

"Ndiyo mama. Hii hapa. Imeshapita Mogadishu."

"Inakuja kweli?"

"Inakuja, mama. Bado kama saa moja na robo."

Nakwambia, ndani ya dakika mbili nilikuwa na baraza. Huyu anataka ya Nairobi, yule ana mjukuu anatoka Ulaya, kijana wa teksi anataka kujua ipi inatua kwanza ili ajipange. Mzee mmoja akaniambia, "Kijana, wewe ukae hapa hapa, usiende popote." Shangazi alipotoka na mabegi yake alikuta nawaaga watu ambao saa moja iliyopita sikuwajua kabisa. Programu gani nyingine ya simu inakupa heshima ya namna hiyo uwanjani?

Ramani ya vurugu

Tukitoka kwenye ndege moja moja, kuna kipengele kinachotazama viwanja vizima. Kila uwanja mkubwa unapewa alama ya vurugu kutoka 0 hadi 5, na rangi: kijani mambo yanakwenda, njano yanayumba, nyekundu yameharibika. Ukigusa unaona wastani wa kuchelewa na idadi ya safari zilizofutwa. Dunia nzima, kwa mkupuo mmoja!

Kwa nini msafiri wa Afrika Mashariki alijali hili? Kwa sababu wengi wetu tukienda mbali tunapitia kwenye milango ya watu: Doha, Dubai, Istanbul, Addis Ababa. Mlango mmoja ukikwama, sisi ndio tunaolala sakafuni. Tarehe 16 Aprili 2024 Dubai ilipigwa na mvua ambayo jiji hilo halijaizoea, njia za ndege zikafurika maji, na Emirates pekee ikafuta safari karibu 400 katika siku chache. Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga lake kwa saa kadhaa makombora ya Iran yalipoelekezwa kwenye kambi ya kijeshi ya Al Udeid. Ndege zilizokuwa zikielekea Doha zikageuzwa au kupelekwa viwanja vingine, na siku zilizofuata zikawa za kutafuta viti. Kwenye nyakati kama hizo, anayeitazama ramani anajua mapema kwamba asiunganishe hapo, na anakuwa wa kwanza kuomba kubadilishiwa njia wakati laini za huduma kwa wateja bado hazijalemewa. Kwenye vurugu, viti vya njia mbadala humwendea aliyewahi.

Nikiwa mkweli kwa washindani, FlightAware ya Houston, iliyoanzishwa mwaka 2005, ina ukurasa unaotaja idadi ya safari zilizochelewa na kufutwa leo, jana na hata kesho, kwa kila shirika na kila uwanja. Ina pia ramani yake ya Marekani inayoitwa MiseryMap, ambapo viwanja vikubwa vinaonekana kama miduara ya kijani na nyekundu huku mawingu ya mvua yakipita juu yake. Unaiona dhoruba ikiingia Chicago na wekundu ukianza kusambaa hadi miji isiyo na tone la mvua. Kwa ndugu zetu walioko Minneapolis, Columbus au Dallas, hiyo ni lazima. Wenye iPhone nao wana Flighty, iliyoshinda tuzo ya ubunifu ya Apple mwaka 2023, ambayo yenyewe inafuata chombo chako kinakotoka na kukupigia kengele. Ni nzuri hadi inaudhi. Lakini watu wengi wa kwetu wanatumia Android, na kwa sisi ambao tunataka kuiona ndege ya Songea na ya Doha kwenye ramani moja, mapenzi yangu yanabaki kwa Waswidi.

Inajuaje yote haya?

Hapa ndipo nilipozidi kuchanganyikiwa kwa furaha. Hakuna uchawi, na ramani yenyewe haitegemei rada za serikali peke yake. Ndege nyingi za kisasa zina kifaa kinachojua mahali ilipo kwa GPS, kisha kinatangaza kwa redio, kwenye masafa ya megahezi 1090, karibu mara mbili kila sekunde: mimi ni fulani, niko hapa, niko juu hivi, naenda kasi hii. Mfumo huo unaitwa ADS-B. Tangazo hilo halifichwi. Yeyote mwenye antena anaweza kulisikia. Kipokezi kimoja kinasikia ndege zilizo umbali wa kilomita 250 hadi 450, kutegemea vilima na urefu antena ilipofungwa.

Sasa fikiria maelfu na maelfu ya watu duniani wamefunga vipokezi hivyo juu ya paa zao na kutuma kile vinachosikia kwa intaneti hadi Stockholm. Hiyo ndiyo Flightradar24! Ndege ya zamani isiyotangaza mahali ilipo nayo inaweza kupatikana ikiwa vipokezi vinne vimeisikia: vinalinganisha tofauti ndogo za muda ambao ishara imevifikia, na mahali pake panapigiwa hesabu. Baharini na maeneo yasiyo na vipokezi, setilaiti zinasaidia kuziba.

Na utamu zaidi: unaweza kuwa mmoja wao. Unahitaji kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kipokezi cha redio cha USB kisichozidi kidole gumba, antena, umeme na intaneti isiyokatika hovyo. Anayechangia data anapewa bure kifurushi cha juu kabisa, kile cha Business. Mimi nimeshaagiza vifaa. Mwenye nyumba hajui bado kuhusu antena.

Inapopwaya

Pamoja na mahaba yangu yote, kuna mambo ya kuyaangalia kwa jicho kavu.

Kwanza, pengo. Juu ya misitu ya Kongo na katikati ya Bahari ya Hindi vipokezi ni haba. Ishara ikipotea, kindege hakisimami. Programu inaendelea kukisogeza kwa makadirio kwenye njia inayotarajiwa. Ukitazama vizuri utaambiwa kwamba ni makadirio, lakini mwenye haraka anaweza kudhani anaona ndege kweli. Vilevile vile vindege vidogo vya Mafia, Serengeti au Maasai Mara huenda usivione kabisa.

Pili, ratiba na taarifa za kufutwa zinatoka kwa mashirika na viwanja. Kama wahusika hawajasema safari imefutwa, programu nayo inaweza kuendelea kuionyesha imepangwa, saa zinapita, hakuna kinachoruka. Ramani inakuonyesha chombo kilipo. Nia ya mwenye chombo haionekani kwenye ramani.

Tatu, na hili lizingatie sana: shirika linaweza kubadilisha ndege dakika ya mwisho. Umeona chombo chako kimekwama Mwanza, umejilaza, kumbe wameleta kingine kutoka karakana na safari inaondoka kwa wakati. Dawati la kukagulia tiketi linafungwa kulingana na saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na halina habari na simu yako. Itumie programu kupanga chakula, teksi na moyo wako. Kuripoti uwanjani fuata tiketi.

Nne, saa. Mahali pengine programu huonyesha muda wa UTC. Sisi tuko mbele kwa saa tatu, na juu ya hapo tunahesabu saa zetu kuanzia alfajiri. Ukiona 13:40 UTC, hapa ni 16:40, yaani saa kumi na dakika arobaini jioni. Ingia kwenye mipangilio uweke saa za mahali, la sivyo utamfuata mgeni wako amekwishachukua bajaji.

Tano, bando. Ramani inayosogea inakula data. Ukishaona unachotaka, funga.

Ulipie au usilipie?

Bure inakupa ramani, orodha za viwanja, historia ya siku 7 ya kila ndege na uwezo wa kurudisha ramani nyuma kutazama kilichotokea. Kwa mtu anayesafiri mara moja moja, inatosha kabisa. Silver inarefusha historia hadi siku 90, Gold hadi siku 365, na zinakuja na mengi ya wapenzi wa ndege pamoja na kengele: unaweka usajili au namba ya safari, na simu inakuamsha yenyewe. Wakala wa tiketi, mwenye kampuni ya utalii Arusha, dereva anayeishi kwa kupokea wageni Kilimanjaro au Zanzibar: hao ningewashauri walipie bila kusita. Mgeni akifika akakukuta umeshasimama getini ndege yake ikiwa imewahi kwa dakika 25, huyo ni mteja wa kurudi.

Historia ina kazi nyingine ambayo watu hawaifikirii. Umoja wa Ulaya una kanuni ya fidia kwa abiria, namba 261 ya mwaka 2004. Inahusu kila ndege inayoondoka nchi za Umoja huo, na pia inayokwenda huko ikiwa shirika ni la huko. Ukifika unakokwenda umechelewa saa tatu au zaidi kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wa shirika, safari ndefu kama hizi zetu inaweza kukuletea hadi yuro 600. Shirika likisema ilikuwa hali ya hewa, wewe una kumbukumbu ya chombo chenyewe: kilikuwa wapi, kiliondoka saa ngapi, na ndege nyingine za uwanja ule ule zilikuwa zikiruka au haziruki. Haimalizi kesi, lakini huendi kwenye mazungumzo mikono mitupu. Piga picha ya skrini siku ile ile, kabla zile siku 7 za bure hazijapita.

Hukumu

Naipa alama tisa kwa kumi. Ile moja nimeikata kwa ajili ya mapengo ya anga letu na kwa sababu ile siri tamu kuliko zote, ya kufuata chombo, imewekwa ndani mno badala ya kutundikwa mlangoni. Haitaifanya ndege yako iwahi. Itakachofanya ni kukutoa kwenye kundi la wanaosubiri kuambiwa na kukuweka kwenye kundi la wanaojua, na uwanjani tofauti ya makundi hayo mawili ni chakula cha moto, kiti cha njia mbadala na shinikizo la damu.

Kwa hiyo ukimaliza hapa fanya hivi: pakua, tafuta safari ya mtu wako anayekuja wiki hii, gusa usajili wa ndege, na utazame imeamkia wapi leo. Kisha mpigie umwambie wewe ndiwe utakayemjulisha kama anachelewa. Hatakuamini. Mwache aone.